Mbao Zilizoamka na Mvua

Asubuhi ile Mak Ngah alikuwa amepiga magoti sebuleni, brashi mkononi, akisugua sakafu. Hapakuwa na jambo la ajabu. Alikuwa akiisugua tangu alipokabidhiwa ufunguo, na sisi tuliokwenda kumsaidia tulishazoea kumkuta hivyo: saruni ameifunga juu ya magoti, ndoo ya maji meusi ubavuni, madirisha yote wazi.

Mak Ngah ni dada wa mama yangu, mtoto wa katikati, na ndiyo maana sote tunamwita hivyo. Jina lake ni Rokiah. Mumewe, Saidin, ambaye sisi tulimwita Pak Ngah, aliongoza ishara za treni stesheni ya mji wetu, Taiping, hadi alipostaafu. Kiharusi kilimpiga akiwa ameinama kuvaa viatu. Miezi ikapita wodini. Hakusema neno, hakuinua kidole. Macho yake tu ndiyo yaliyokuwa yakimfuata mkewe kutoka mlangoni hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi mlangoni.

Daktari akasema anaweza kuuguzwa nyumbani. Nyumba yao ya kijijini imejengwa juu ya nguzo ndefu, ngazi zake ni kali, na iko mbali. Ndipo Mak Ngah akapanga hii, nyumba ya mbao karibu na hospitali, yenye vidato vitatu tu. Alitaka mambo mawili, na aliyasema kila mara kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Amlaze mumewe mahali palipo twahara. Na aisikie sauti yake mara moja tena.

"Neno lolote," alimwambia mama yangu. "Hata kama ni kunigombeza."

Aliyekaa humo kabla yake alikuwa mzee wa Kichina, Apek Loh, fundi wa saa. Aliishi peke yake na mbwa wake aliyeitwa Ah Pui, yaani Bonge. Mbwa alizeeka pamoja na bwana wake. Alipoishiwa nguvu za kushuka vidato alikojoa ndani, kwenye kona ileile ya sebule chini ya dirisha, na mzee hakumkaripia. Mbwa akafa. Mzee naye hakukaa sana. Binti yake, Siew Choo, mwenye saluni mjini, ndiye aliyempa Mak Ngah ufunguo, na alikuwa mkweli.

"Dada, mimi sitakuficha," alisema. "Nimepiga deki mpaka mikono imechubuka. Ule mkojo haufi, unalala tu. Siku ya jua utadhani umekwisha. Mvua ikija, unaamka."

Na Taiping mvua huja karibu kila alasiri.

Mak Ngah alijaribu kila alichoambiwa. Alimwaga siki akaiacha usiku kucha. Alinyunyiza magadi, yakachemka kwenye nyufa, akayafuta. Alitandaza mkaa uliopondwa, kisha machicha ya kahawa, kisha majani ya ndimu yaliyokatwakatwa. Alinunua chupa ya dawa kwenye duka la vyakula vya wanyama, akaufunika ubao wote kwa plastiki ili dawa izame, kama alivyoelekezwa. Kila jambo lilifaa hadi saa ya mvua. Hewa ikipoa, harufu ilitoka kwenye kona ile polepole, ikapita chini ya meza, ikafika jikoni.

"Huyu mbwa alikuwa anakojoa au anachimba kisima?" aliuliza Pak Teh. Huyu ni Mazlan, mdogo wao wa mwisho, mtu wa mzaha, mvivu kidogo, mwenye moyo mzuri. "Dada, ng'oa mbao uanze upya."

"Nyumba si yangu."

"Basi mlaze shemeji jikoni. Harufu ya dagaa itashinda."

Mak Ngah hakucheka. Hakukasirika pia. Kwa miezi ile alikuwa kama mtu aliyewekwa nyuma ya kioo. Ulimwona akitikisa kichwa, lakini ulichosema kilikuwa hakijamfikia.

Harufu haikuwa tatizo pekee. Mkojo wa mbwa ni najisi nzito, na Mak Ngah hakuwa ametandika msala hata mara moja katika nyumba ile. Alikuwa akiswali kwa jirani. Imamu alimwambia lile tunalolijua sote: aondoe kwanza uchafu wenyewe, kisha aoshe mara saba, na mojawapo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi.

"Udongo safi nitoe wapi mjini hapa?" aliuliza Mak Ngah.

"Uliza mtu anayejua," akasema Pak Teh, akachukua koleo.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Kando ya barabara kulikuwa na mtaro, kwa hiyo hapo hapafai. Chini ya nyumba walilala paka wa mtaa, napo hapafai. Alichagua chini ya mfenesi, mbali na mtaro na mbali na choo. Alirudi upesi kuliko tulivyotarajia, ndoo imejaa, hata jasho hajatoka.

"Angalia huu," alisema. "Laini kama unga. Koleo lilizama lenyewe, kama mtu ameshanichimbia."

Mak Ngah aliuchekecha juu ya beseni. Ndani yake mlikuwa na punje nyeupe, ndogo, nyepesi. Alidhani ni magamba ya konokono. Alizikusanya kiganjani na kuzitupa nje ya dirisha.

Tukaosha. Mama yangu alimwaga maji, Mak Ngah alisugua, Pak Teh alisukuma kwa ufagio, na mimi nilipokea ndoo. Maji ya udongo yalikuwa mazito, ya rangi ya chai ya maziwa. Yalienea juu ya mbao, yakasimama kidogo, kisha yakaanza kushuka kwenye nyufa. Nilitazama yakinywewa. Sakafu haikuacha tone.

Ilinyesha alasiri ile. Tulikaa wote sebuleni tukivuta pumzi kwa pua, kama watu wanaosubiri treni. Hakuna kitu. Siku iliyofuata pia hakuna kitu. Mak Ngah alitandika msala, akaswali Adhuhuri pale penye kona, na baada ya salamu aliuweka uso wake juu ya ubao akabaki hivyo.

Pak Ngah akaletwa.

Walimwekea kitanda cha chuma chini ya dirisha, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mwanga. Mkono wake wa kulia ulining'inia ukingoni. Mak Ngah aliurudisha juu ya shuka. Akiondoka, aliukuta umeteremka tena.

Siku za kwanza zilikuwa za kawaida. Alimpikia uji wa wali na kumlisha kwa kijiko. Alimgeuza ubavu. Alimsomea Yasini. Alimweleza bei ya samaki, nani kaoa, treni ya asubuhi imechelewa. Kisha ikaja alasiri ya mvua kubwa, Mak Ngah akiwa jikoni anapepeta mchele, na harufu ikamfikia.

Alisimamisha ungo. Haikuwa ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa ya mkojo uliokauka, kali, ya kuchoma pua. Hii ilikuwa ya manyoya. Manyoya mabichi, yenye joto. Harufu ya mnyama aliyetoka mvuani sasa hivi.

Kisha akasikia kucha.

Tak, tak, tak, juu ya mbao. Bila haraka. Zilitoka mlango wa nyuma, zikampita kwa upande wa kushoto, zikaingia sebuleni. Hapo zikatulia. Kitu kizito kikajilaza chini kwa kishindo kidogo, na baada yake ikatoka pumzi ndefu.

Mak Ngah alikwenda kutazama. Hapakuwa na kitu. Pak Ngah alikuwa amelala, mkono ukining'inia. Aliuchukua ili aurudishe juu ya shuka.

Kiganja kilikuwa kimelowa. Kilikuwa na ute.

Hakumwambia mtu. Aliosha mkono wa mumewe, akaosha wake, akamaliza kupepeta mchele. Siku nyingine ya mvua ikawa vilevile. Siku ya tatu hakwenda jikoni. Aliketi kitini kando ya kitanda na kungoja. Mvua ikaja. Kucha zikaja. Na mkono ambao madaktari walisema umekufa ukainuka kidogo kutoka pale uliponing'inia, vidole vikajikunja, vikaanza kukuna.

Ndipo akampigia simu mama yangu. Alisema, "Njooni. Mkono wake unatembea." Alisema hivyo tu, kwa sauti yake ileile.

Nilikuwepo, na ninaandika nilichokiona. Mvua ilikuwa imeanza kama saa tisa. Pak Ngah alikuwa na macho wazi, yakitazama dari. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda na kurudi, kimo cha goti langu kutoka sakafuni. Haukuwa unapapasa ovyo. Ulipita juu ya kitu cha mviringo, ukashuka nyuma yake, vidole viwili vikakuna mahali fulani, kisha ukapanda tena. Mara moja ulisimama hewani. Ulisubiri, kama unavyosubiri mnyama anapogeuza kichwa. Kisha ukaendelea.

Chini ya kiganja chake, hewa ilikuwa na joto.

Mama yangu aliniomba nifunge dirisha. Lilikuwa limefungwa tayari.

"Ni dua," alisema Mak Ngah. "Na ni sakafu. Nilijua akilazwa mahali pasafi atarudi."

"Ngah," mama alinong'ona, "huisikii hii harufu?"

"Naisikia."

"Sasa?"

"Sasa mkono wake unatembea," alisema Mak Ngah.

Pak Teh alikuja jioni akicheka, akisema anataka kupeana mkono na shemeji yake. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Hakufika sebuleni. Tulimkuta amesimama jikoni, ameinua mguu mmoja kama kuku, akitazama chini.

Zilikuwa nyayo, za maji. Zilianzia mlangoni na kuelekea kitandani. Nyayo za mbwa mzito, mwenye kuburura mguu wa nyuma. Na kando yake, zikienda sambamba, nyayo za mtu. Miguu mitupu, mikubwa, ya mzee asiyenyanyua visigino. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo.

Pak Teh aliuweka mguu wake chini taratibu, mahali pakavu.

"Mmefuga nini humu?" alisema. Hakukuwa na mzaha katika sauti yake. Tukiwa bado tunatazama, nyayo zikakauka. Zilianza kukauka zile za mlangoni, kwa mfuatano, kana kwamba waliozikanyaga walikuwa wanamalizia kupita.

Mama alitaka imamu aitwe. Mak Ngah alikataa. Alisema imamu atataka kuosha, na yeye hataki sakafu iguswe. Mtu aliyekuwa amechubua magoti kwa kusugua aliificha brashi juu ya kabati. Aliacha hata kufagia kona ile. Kila mvua ilipotanda aliketi kitini mwake, mikono mapajani, akitazama mdomo wa mumewe. Mkono ulikuwa umeamka. Mdomo ungefuata. Hivyo ndivyo alivyohesabu mambo.

Ikafika siku Wachina wanayosafisha makaburi ya wazazi wao. Siew Choo alikuja asubuhi, amevaa nguo nzuri, kikapu mkononi: kuku mzima wa kuchemsha, machungwa, kikombe cha kahawa kilichofunikwa kwa kisahani. Alituomba radhi.

"Sikai, dada. Napita nyuma mara moja tu, halafu naenda hekaluni kwa baba."

"Nyuma kuna nini?" aliuliza Mak Ngah.

"Bonge yuko nyuma," alisema Siew Choo, akatabasamu kidogo kwa aibu. "Chini ya mfenesi. Naye alikuwa mtu wa nyumba hii."

Pak Teh alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe mezani bila kukiachia.

Tulimsikia Siew Choo akizunguka nyumba. Tulisikia kikapu kikianguka. Tulipotoka, Siew Choo alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, machungwa yametawanyika miguuni pake. Halikuwa shimo refu. Aliyelichimba hakufika kwa mbwa. Alichukua udongo wa juu tu.

"Nani kachimba hapa?"

"Mimi," alisema Pak Teh. "Siew Choo, nisamehe, sikujua. Nilitaka udongo wa kuoshea. Sijamgusa mbwa, naapa."

"Si mbwa," alisema Siew Choo. Aliketi chini, kwenye majani mabichi, na nguo zake nzuri. "Baba alichomwa. Majivu yake yako hekaluni. Lakini alinisihi, kabla hajafa, nimlaze na Bonge. Alisema kule hekaluni hamjui mtu. Basi nikaiba kidogo. Konzi mbili. Nikaja nikamchanganya na udongo, juu ya Bonge, nikafukia." Alitutazama mmoja mmoja. "Mmeupeleka wapi udongo?"

Macho yetu ndiyo yaliyojibu. Sote tulikuwa tumegeuka kuitazama nyumba.

Nilikumbuka punje nyeupe: mifupa, si magamba. Siew Choo alikuwa ameshaziona. Alitambaa hadi chini ya dirisha, akaanza kuziokota kwenye nyasi, moja moja, akiziweka katika kisahani cha kahawa.

"Baba yako," aliuliza mama yangu polepole, "alikuwa na vidole vyote vya miguu?"

"Kimoja kilikatwa. Sukari." Hakuinua uso. "Cha kushoto. Kidogo. Mmejuaje?"

Mbingu ilikuwa imefunga. Mvua ikaanza, mapema kuliko kawaida yake.

Tuliingia ndani kwa sababu hatukuwa na pengine pa kuingia. Harufu ilikuwa imetutangulia. Kucha zilikuwa zimefika. Pak Ngah alikuwa amelala kama siku zote, ila kichwa chake kilikuwa kimegeukia upande wa sakafu. Mkono unakuna. Midomo yake ikatetemeka. Mak Ngah aliinuka kitini.

Pak Ngah akasema kitu.

Hakikuwa Kimalei. Pak Ngah hakujua neno la Kihokkien, lugha ya Wachina wa Taiping, zaidi ya kuulizia bei sokoni. Lakini hiki kilikuwa Kihokkien cha kizee, laini, chenye kukwaruza. Yalikuwa maneno machache, na mwishoni jina: Pui.

"Ameshakula," alijibu Siew Choo kwa lugha hiyohiyo. Alijibu kabla hajafikiri, kama mtoto aliyeulizwa kutoka chumba kingine. Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Amesema nini?" aliuliza Mak Ngah.

"Ameuliza kama Bonge ameshakula." Machozi yalikuwa yakipita kwenye vidole vyake. "Aliuliza hivyo kila siku akirudi kutoka kazini. Kabla hajavua viatu. Ni yeye, dada. Ni sauti yake."

Mak Ngah hakumtazama. Alikuwa amesogea kitandani. Aliinama hadi uso wake ukawa mbele ya uso wa mumewe. Miaka yote ya ndoa yao ilikuwa pale, katika shingo yake iliyoinama.

"Abang," alimwita, kama alivyomwita tangu walipooana. "Ni mimi. Kiah."

Macho yake yalimtazama. Yalikuwa macho ya upole. Macho ya mwenye nyumba anayeona mgeni kasimama mlangoni. Sasa alisema kwa Kimalei, taratibu, kwa lafudhi ya wazee wa Kichina wa soko la Taiping.

"Mama, unamtafuta nani?"

Mvua iliendelea. Mkono uliendelea.

Mak Ngah alibaki ameinama. Sikuona uso wake. Niliona tu mikono yake ikishika ukingo wa kitanda, kisha ikiuachia. Alijinyoosha. Alikwenda kabatini, akanyoosha mkono juu yake, akateremsha brashi.

"Mazlan," alisema. "Nenda mtoni, kule juu, watu wasikofua. Ulete udongo. Uchimbe mwenyewe, pagumu."

"Dada, mvua..."

"Nenda."

Siew Choo alimshika mkono. "Dada. Tafadhali. Sikuwepo alipokufa. Nilikuwa saluni, nina mteja, nikasema nitapita jioni. Usimfukuze kabla sijasema naye."

Mak Ngah aliutazama mkono ule uliomshika. Kwa mara ya kwanza tangu kiharusi niliona kitu kikipita usoni mwake, kikapita, kikaisha.

"Sema naye," alisema. "Mimi nachota maji."

Alichota taratibu. Alijaza ndoo moja hadi ukingo, akaimwaga nusu, akaijaza tena. Sebuleni, Siew Choo alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ananong'ona. Pak Ngah alimjibu mara mbili au tatu. Sikujua lugha yao, na sikuuliza baadaye. Mara moja alicheka. Kilikuwa kicheko cha mzee mwingine, kikitoka katika kifua cha Pak Ngah.

Pak Teh alirudi amelowa chapachapa, ndoo ya udongo mzito kifuani. Siew Choo akainuka. Aliomba mabeseni, yote tuliyokuwa nayo. Nyumba ile imekaa juu ya vigingi vifupi vya saruji, na mtu mzima hupita chini yake kwa kutambaa. Alitambaa na nguo zake nzuri, akiyasukuma mabeseni mbele yake, akayapanga chini ya kona ile.

"Nipo," alisema kutoka chini ya miguu yetu. "Mwageni."

Mak Ngah aliosha peke yake. Hakumruhusu mtu kushika brashi. Maji yalishuka kwenye nyufa, na chini tulisikia yakigonga mabeseni. Mkono wa Pak Ngah uliendelea kukuna. Akaosha tena. Mkono ukawa mzito. Akaosha kwa udongo wa mtoni. Harufu ilipanda mara moja ikajaa chumba kizima, manyoya, mkojo, kahawa, mafuta ya saa. Kucha zikakwaruza mbao, hapo hapo, bila kwenda popote. Kama mnyama anayevutwa kwa kamba.

"Pui," alisema Pak Ngah.

Chini ya sakafu, Siew Choo aliita jina hilohilo.

Mak Ngah alimwaga ndoo ya mwisho. Mkono ukashuka. Haukuanguka, ulishuka kidogo kidogo, ukalala ukining'inia, ukawa kama ulivyotoka hospitali. Alipoinua uso kutoka sakafuni, macho ya Pak Ngah yalikuwa yakimtazama. Yalimfuata alipokwenda mlangoni kumwaga maji machafu. Yalimfuata aliporudi.

Hakusema tena. Mkono haukutembea tena. Siew Choo aliyabeba mabeseni moja moja hadi mfenesini, akayarudisha maji shimoni, akafukia kwa mikono. Punje nyeupe alizitia mwisho. Hakujua kama amezipata zote. Hakujua pia kama maji yote yaliangukia katika mabeseni. Kulikuwa na giza kule chini.

Pak Ngah alifariki kabla ya mwezi wa Ramadhani, mchana, macho yake juu ya mkewe. Tulimwosha katika sebule ile.

Nyumba haikunuka tena. Hili ndilo Mak Ngah alilomweleza mama yangu baada ya arobaini, kwa sauti yake ileile. Haikunuka chochote. Mvua ilikuja na haikuleta kitu. Vitunguu vilikaangwa na havikunukia. Aliyaweka puani mashati ya mumewe aliyokuwa hajayafua, na yalikuwa nguo tu. Tulidhani ni nyumba. Akahamia kwetu, na kwetu kukawa vilevile. Siku moja aliunguza sufuria ya wali hadi moshi ukajaa, yeye amesimama mbele yake, hana habari. Daktari alimchungulia pua akasema haoni kasoro.

Tulikwenda kaburini asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri na kukatika muda huo. Tulikuwa sisi watatu, Mak Ngah, Pak Teh na mimi. Makaburi yote yalikuwa yamelowa, majani yamelala. Pak Teh ndiye aliyeona kwanza. Alinishika kiwiko.

Ubavuni mwa kaburi la Pak Ngah, upande wa kibla, ule ulioelekewa na uso wake, kulikuwa na mahali pakavu. Ni mduara mdogo, wa kutosha beseni kubwa. Nyasi zake zilikuwa zimelazwa kwa kuzunguka, kama zinavyolazwa na kitu kinachojizungusha kabla ya kulala. Juu yake hapakuwa na mti wala paa.

Pak Teh alinong'ona, "Dada, nilete maji? Nitafute udongo?"

"Wa nini?" alisema Mak Ngah.

Alipiga magoti. Aliweka kiganja chake cha kulia katikati ya mduara, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akakipeleka puani. Nilimwona akifumba macho. Nilimwona akivuta pumzi, mara moja, halafu tena.

"Hii naisikia," alisema.

Hatukumuuliza ni harufu ya nani. Tulisoma Fatiha, tukaondoka. Njiani alikaa kiti cha nyuma, mkono wa kulia ameufunga ngumi juu ya paja. Nyumbani mama alikuwa ametenga wali na samaki, na bakuli la kunawia liko mezani. Mak Ngah alilisukuma kando. Akaomba kijiko, akala kwa mkono wa kushoto.

Mak Ngah, aliyetufundisha sote kula kwa mkono wa kulia.

Kaburini pale bado ni pakavu. Nimekwenda mara kadhaa baada ya mvua, peke yangu, kuhakikisha.

Kuna mara moja niliweka mkono wangu. Palikuwa na joto.